Nimechomwa sindano za mikunjo, sasa kope moja limelala. Hili jicho litarudi kweli?

TausiMweupe:

Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo maana nimechanganyikiwa. Nilichomwa Botox kwenye paji la uso na pale katikati ya nyusi panapojikunja ukinuna. Siku za mwanzo sikuona kitu nikasema hapa nimeliwa hela yangu, halafu kama baada ya wiki hivi paji likanyooka kweli kweli nikafurahi, haikupita muda naamka asubuhi najiangalia kwenye kioo kope la jicho la kushoto limeshuka. Tena si kidogo, limeingia mpaka kwenye mboni, nikipiga selfi kila mtu anauliza umelewa au umelia. Nikisema niinue nyusi zisaidie kulibeba nazo hazinyanyuki, si zimegandishwa!

Halafu kichwa kinabana mbele, na hilo hilo jicho limekuwa kavu, ikifika jioni linachoma.

Nimempigia aliyenichoma anasema "ni kawaida itaisha" basi, hana neno lingine. Kabla ya kuchomwa nilitajiwa wekundu na michubuko, habari za kope hata kwa bahati mbaya hazikutajwa.

Sasa naulizeni, inarudi au nishapata kilema? Kuna dawa ya kuitoa ile kitu mwilini? Na wengine yaliwakuta yapi ambayo hamkuambiwa?

---

BibiHarusiTena:

Pole sana mwaya. Mimi kope halikushuka, mimi yangu ilikuwa kinyume, nyusi zilipanda pembeni zikasimama kama za paka aliyeona nyoka. Katikati ya paji pamelala tuli, pembeni kunavuta juu, nikiwa nimekaa zangu kimya watu wanadhani nimewashangaa au nawadharau. Bosi wangu aliniuliza kabisa una tatizo na ninachosema? Nikarudi wakaniongeza kitone kidogo pale juu ya mwisho wa nyusi zikashuka. Kumbe sehemu ya pembeni ya msuli wa paji ilibaki haijaguswa, kwa hiyo ikawa inavuta yenyewe bila kizuizi.

Ila nikikumbuka naogopa, maana wakizidisha pale pale pembeni nyusi zinaanguka zote.

---

Kipepeo_wa_Juu:

Mbona rahisi, kuna sindano ya kuyeyusha, unachomwa na kesho yake uko sawa, dada yangu alifanyiwa mdomo ulipovimba. Na usugue hapo kwenye kope kwa nguvu na kitambaa cha maji moto damu itembee.

---

ZamuYaUsiku:

@Kipepeo_wa_Juu hapana jamani, hizo ni vitu viwili tofauti na watu wanazichanganya kila siku. Dada yako alichomwa fila, ile ya kujaza, na ikiwa ni ya asidi ya hailuroniki ndiyo inayeyushwa na sindano ya hailuronidasi. Botox haijazi kitu, inalegeza msuli, hakuna cha kuyeyusha pale. Na kusugua usisugue. Ikishaingia imeingia, kusugua hakuitoi, na siku ile ile ya kuchomwa ndiyo mbaya zaidi maana unaisukuma iende kusikotakiwa.

Tausi pole. Mimi niko kitengo cha macho, hizi tunaziona, na wengi wanakuja wakilia wakidhani wamepata kiharusi. Ngoja nielezee kwa kirefu kidogo, ukielewa inavyofanya kazi hofu itapungua.

Ile dawa ni sumu ya bakteria anaitwa Clostridium botulinum, iliyosafishwa na kupimwa kwa kiwango kidogo sana. Ikichomwa inaingia kwenye ncha ya neva pale inapokutana na msuli, huko ndani inakata protini moja ambayo neva inaihitaji ili imwage asetilikolini, ambayo ndiyo amri ya msuli kujikaza. Amri haifiki, msuli unalala. Ndiyo maana haionekani siku ile ile, inachukua siku kadhaa mpaka wiki mbili kufika kileleni, na ndiyo maana vilevile hakuna dawa ya kuirudisha nyuma, kwa sababu ukiona kope limelala kazi ilishafanyika ndani ya neva zamani. Neva inabidi ijitengeneze yenyewe. Na inajitengeneza, kwa kawaida mikunjo inarudi baada ya miezi 3 au 4, tena kope linawahi kabla ya hapo, kwa sababu kilichofika kwenye msuli wa kope ni masalia tu ya kile kilichochomwa kwenye paji. Wengi ni wiki chache, wachache inavuka miezi miwili. Kilema haujapata.

Sasa, watu wanasema "jicho limeshuka" kumbe kuna kushuka kwa aina mbili, na matibabu hayafanani. Jipime hivi: simama mbele ya kioo, tazama mbele, shika nyusi kwa kidole uinyanyue taratibu mpaka pale ilipokuwa zamani. Ukiinyanyua na jicho likafunguka vizuri, basi kilichoanguka ni nyusi, kope lenyewe ni zima, limebebeshwa ngozi tu. Hii inawapata sana watu ambao tangu mwanzo kope zao nzito, bila kujua wanatumia msuli wa paji kutwa nzima kuzibeba, ndiyo maana paji lilikuwa na mistari! Ukilaza ule msuli, na hakuna msuli mwingine unaonyanyua nyusi zaidi ya huo, uzito wote unashuka. Mchomaji mzuri anaangalia hilo kabla, anakwambia mama wewe paji lako tuliache au tuchome kidogo sana juu.

Lakini ukinyanyua nyusi na ukingo wa kope bado umekaa kwenye mboni, basi dawa imepenya nyuma ya mfupa wa jicho ikafika kwenye msuli unaofungua kope. Hapo kuna matone yanayoweza kusaidia, yanaitwa apraklonidini, ni dawa ya presha ya jicho kwa asili yake, ila yanakaza kamsuli kengine kadogo ndani ya kope ambako Botox haikagusi kwa sababu kanaendeshwa na neva za aina nyingine. Yanainua milimita moja au mbili hivi. Kidogo, ila kwenye jicho milimita mbili ni nyingi. Yanafanya kazi masaa machache yanaisha, hayaponyi, yanakusogeza tu mpaka neva irudi. Ni ya kuandikiwa na daktari, yanaweza kuwasha na kuleta wekundu, na siyo ya kila mtu. Marekani tangu 2020 kuna matone mengine ya oksimetazolini asilimia 0.1 yaliyoruhusiwa kwa kope lililoshuka. Nasema hivi nikijua kuna mtu ataenda kuangalia dawa ya mafua ya kupuliza puani ataona jina hilo hilo, TAFADHALI usiweke dawa ya pua kwenye jicho.

Ukavu ni kwa sababu hata kupepesa kumelegea, jicho halifungi vizuri na machozi hayatandazwi. Tumia machozi ya bandia, na jioni ukiwa kwenye simu kumbuka kupepesa kwa makusudi. Kichwa kuuma ni moja ya malalamiko ya kawaida, mara nyingi kinaisha ndani ya siku chache. Cha ajabu dawa hiyo hiyo iliruhusiwa 2010 kutibu kipandauso sugu.

Sasa yale ya kwenda hospitali leo leo bila kusubiri kesho: kuona vitu viwili viwili, mboni moja kubwa kuliko nyingine, kichwa kilichokuja ghafla kikali ambacho hujawahi kukipata, kumeza shida, sauti kukwaruza au kuwa nzito, maneno kuvurugika, kupumua kwa shida, miguu au mikono kukosa nguvu, mkojo kutoka bila kujizuia. Kope lililolala pamoja na mboni kubwa inaweza kuwa mshipa wa damu kichwani umevimba, na haihusiani na sindano kabisa, ila mtu anakaa nyumbani anasema ni Botox itaisha. Hilo ndilo linaniudhi na hili jibu la "kawaida itaisha" kwenye simu, umejuaje ni kawaida hujamwona mtu?

---

TausiMweupe:

ZamuYaUsiku Mungu akubariki, nimesoma mara mbili. Nimejipima na kidole, nyusi nikiinyanyua jicho linafunguka kidogo tu, ukingo bado uko pale pale. Kwa hiyo ni kope lenyewe si ndiyo? Mboni ziko sawa nimemwita mtu aniangalie na tochi. Vitu viwili sioni. Ila nimegundua asubuhi liko juu juu, jioni linashuka zaidi, hii nayo ni kawaida?

---

ZamuYaUsiku:

Ndiyo, inaelekea ni kope. Kushuka zaidi jioni kwa Botox kunaweza kuwepo, msuli dhaifu unachoka. LAKINI kope linalopanda na kushuka kutokana na uchovu ndiyo alama ya ugonjwa mwingine pia, unaitwa myasthenia gravis, na kuna watu walikuwa nao kimya kimya hawajui, sindano ndiyo ikaufichua. Wenye ugonjwa huo wanatakiwa kukaa mbali na hizi sindano. Sikutishi, uwezekano mkubwa ni sindano tu, ila ukienda kwa daktari wa macho mwambie hilo la jioni kwa mdomo wako, asije akaliacha. Na mtajie dawa unazotumia, kuna antibayotiki kama gentamaisini zinaongeza nguvu ya ile sumu.

---

Mjukuu wa Ngariba:

Mnajichoma sumu usoni halafu mnashangaa. Mikunjo ni umri, uzee si ugonjwa. Miaka kumi ijayo tutaambiwa ilikuwa inaua ubongo.

---

BibiHarusiTena:

Aliyeuliza hajaomba khutba ndugu yangu, ameuliza kope.

---

ZamuYaUsiku:

@Mjukuu wa Ngariba kila mtu na uso wake, hilo siingilii. Ila hii kitu si ya jana. Ilianza kwenye macho hukohuko kwetu, daktari Alan Scott wa San Francisco alikuwa anatafuta namna ya kunyoosha makengeza bila kupasua, na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliiruhusu 1989 kwa makengeza na kwa watu ambao macho yanajifunga yenyewe bila kupenda. Kuna mtu alikuwa haoni njia kwa sababu kope zinakaza kutwa, anachomwa anarudi kuendesha maisha yake. Mke na mume madaktari kule Vancouver, Jean na Alastair Carruthers, mke akiwa wa macho na mume wa ngozi, ndio waliofuatilia jinsi wagonjwa wa macho mikunjo yao inavyopotea, wakaandika 1992, na ruhusa ya urembo kwa mikunjo ya katikati ya nyusi ikaja 2002. Kwa hiyo sumu ni sumu, sikatai, swali ni kiasi gani na imewekwa wapi na nani.

---

Fundi Mtaratibu:

Hapo kwenye "nani" ndipo naomba niingie maana sijaona mtu ameuliza. Tausi ulichomwa NINI hasa? Siku hizi kila sindano ya mikunjo inaitwa Botox kama jina la jumla, kumbe ziko kadhaa na yuniti zake hazilingani. Kwa mikunjo ya katikati ya nyusi lebo ya Botox inasema yuniti 20, zimegawanywa sehemu tano, Dysport lebo inasema 50 kwa mikunjo hiyo hiyo. Mtu aliyezoea moja akishika nyingine akahesabu kwa kichwa, umekwisha. Na inakuja unga mkavu kwenye kichupa, anayechoma ndiye anaongeza maji ya chumvi, kwa hiyo hata dawa halali inategemea aliichanganya vipi. Akiweka maji mengi ili eneo lile apate dozi yake inabidi achome ujazo mkubwa, na ujazo mkubwa unatambaa mbali. Dysport nayo ina chembe za protini ya maziwa ya ng'ombe, mwenye aleji nayo haitakiwi kabisa, sijui wangapi wanaulizwa hilo.

Halafu feki. 2024 Marekani walitoa tahadhari ya Botox bandia baada ya watu wa majimbo kadhaa kuugua na wengine kulazwa, na wengi walichomwa na watu wasio na leseni au sehemu zisizo za tiba, nyumbani na kwenye spa. 2004 kule Florida watu wanne walipooza wakawekewa mashine za kupumulia, walikuwa wamechomwa sumu ya maabara ambayo haikutengenezwa kwa binadamu, na mmoja wao alikuwa ni huyo huyo daktari aliyechoma. Na 2023 watu makumi wa Ulaya waliugua baada ya kuchomwa tumboni huko Uturuki ili wapungue unene, maana inalegeza msuli wa tumbo chakula kinakaa. Hapo ndipo dawa ya kupambana na sumu inatumika hospitali, nayo inakamata ile inayoelea kwenye damu tu, iliyoshaingia kwenye neva haiigusi.

Uliza jina la dawa, namba ya toleo, yuniti ngapi, sehemu zipi. Ni haki yako na inatakiwa iwe imeandikwa kwenye faili lako.

---

Asali Chungu:

Swali la mwisho la Tausi limepita, yaliyotukuta ambayo hatukuambiwa. Mimi niliweka kwenye taya, ule msuli wa kutafunia, kwa sababu nasaga meno usiku na pia uso upungue upana. Kusaga meno kulitulia, sikatai. Ila tabasamu likapinda, upande mmoja haupandi, nikicheka inaonekana nacheka kwa kulazimishwa. Kwenye video nilikuwa nageuza uso kila mara. Na kutafuna kitu kigumu nachoka njiani naacha.

Rafiki yangu aliweka juu ya mdomo ile mistari midogo ya wima, akashindwa kunywa kwa mrija na kupiga mluzi, tena yeye anafundisha watoto wadogo, herufi p na b zikawa zinatoka hewa tupu. Mwingine aliweka pembeni ya macho, mikunjo ikaondoka lakini chini ya jicho pakavimba mfuko kila asubuhi. Na puani! Ukigandisha katikati ya nyusi uso unatafuta pa kukunjia, unaanza kukunja pua ukicheka, mistari mipya ambayo hukuwa nayo, halafu unaambiwa njoo tuchome na hapo. Hii biashara ina akili sana.

Lililonishangaza kuliko yote ni nyumbani. Mtoto wangu alikuwa anajua nimekasirika kwa kuangalia uso, sasa anaangalia haoni kitu, anaendelea na ujinga wake mpaka nipaze sauti. Mume naye anasema siku hizi sijui unafikiria nini. Nikamwambia hata zamani ulikuwa hujui.

---

BibiHarusiTena:

😂😂 hiyo ya mwisho

---

Kipepeo_wa_Juu:

Sawa nimeelewa kuhusu fila. Ila sasa wale wanaosema shingoni je? Nilikuwa nimepanga ile mishipa inayosimama ukizeeka.

---

ZamuYaUsiku:

Shingoni kuwa makini zaidi kuliko paji. Ile inayosimama ni msuli mpana mwembamba, na nyuma yake kuna misuli ya kumezea. Ikichomwa kwa kina au dozi kubwa watu wanapata shida ya kumeza, au kichwa kinakuwa kizito kukinyanyua kitandani. Onyo la FDA la 2009, lile lililowekwa kwenye kisanduku cheusi juu kabisa ya maelezo ya dawa zote za aina hii, linahusu hasa kusambaa mbali na shida za kumeza na kupumua, na wanasema dalili zinaweza kuanza baada ya masaa hadi wiki kadhaa. Kwa dozi za kawaida za urembo usoni ni nadra. Ila kama tayari una tatizo la kumeza au la misuli, au una mimba, acha.

---

TausiMweupe:

Nimerudi. Daktari wa macho amenipima kope limeshuka milimita ngapi, kaniambia nitazame juu muda mrefu bila kushusha macho aone kama kope linachoka, kachukua na damu kwa ajili ya ule ugonjwa uliousema ZamuYaUsiku, majibu bado. Kaniandikia matone, nikiweka linanyanyuka kidogo, nikienda kazini naweka, nikiwa nyumbani naliacha lilale zake. Kichwa kimeacha.

Kwa yule aliyenichoma nimeomba jina la dawa na namba ya toleo kama Fundi alivyosema. Kwanza kasema kichupa wameshatupa, nikamwambia siulizi kichupa nauliza faili, akasema atanipigia. Hajapiga. Ila anajua kutuma ujumbe wa ofa, "rudi tukurekebishe bure".

---

Fundi Mtaratibu:

Usirudi kwake. Atakuchoma kope la pili ili zilingane.

Na peleka malalamiko kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako, wana fomu ya madhara ya dawa na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kujaza, si lazima daktari. Hata kama hujui namba ya toleo jaza hivyo hivyo, tarehe na mahali vinatosha kuanzia. Wakishapata watu watatu wanne wa sehemu moja ndipo wanaenda kufungua friji lake waone kilichomo.